Ubaya wa Kupika Vipimo

Mwanafunzi mpenzi, nina ugomvi nawe, na ni heri niutaje waziwazi tangu mwanzo kuliko kuuficha chini ya maneno matamu. Siku ya somo la vitendo katika maabara ya fizikia unapewa waya, betri na vyombo vya kupimia. Unapima mara ya kwanza, ya pili na ya tatu, na alama zako zinajipanga vizuri juu ya karatasi ya grafu. Kipimo cha nne kinaangukia mahali usipopatazamia. Hapo unatazama kushoto na kulia, unashika kifutio, unakifuta kipimo hicho, na badala yake unaandika kingine ambacho hukukiona kwa macho yako, lakini kinakaa sawasawa juu ya mstari. Wenzako hukiita kitendo hicho kupika. Neno lenyewe ni la mzaha, na mzaha huo ndio unaolifunika kosa lisionekane ukubwa wake. Mimi nasema kuwa kupika vipimo ni uwongo, tena ni uwongo wa aina mbaya, maana msemaji wake huanza kwa kujidanganya yeye mwenyewe.

Sitakuhubiria kwa maneno matupu. Nataka kukuonyesha kisa cha kweli cha mwaka 2001, kisa cha kazi mbili zilizohusu kaboni, ile ile iliyomo katika makaa ya jikoni na katika kijiti cheusi cha penseli yako. Kazi moja ilipimwa kwa uaminifu, na nyingine ilipikwa. Lakini ili ukielewe kisa hicho, yakupasa kwanza ulifahamu jambo ambalo wenye kazi hizo walikuwa wakilitafuta.

Umeme upitapo katika waya hukutana na ukinzani. Waya hupata joto, na sehemu ya umeme hupotea bure. Hata umeme utokao Olkaria kwenda Nairobi hupungua njiani kwa sababu hiyo. Mwaka 1908, katika mji wa Leiden, Uholanzi, mtaalamu Heike Kamerlingh Onnes alifaulu kuigeuza gesi ya heliamu kuwa maji, akapata baridi kali kuliko zote zilizokuwa zimepatikana duniani. Baridi ya namna hiyo hupimwa kwa kelvini, kipimo kinachoanza pale ambapo baridi haiwezi kuzidi tena, yaani kadiri ya nyuzi 273 chini ya sifuri ya Selsiasi. Mwaka 1911 Onnes na wasaidizi wake waliitia zebaki katika baridi hiyo wakaupima ukinzani wake. Walitazamia upungue polepole. Ukapungua kweli, lakini ulipofika karibu na kelvini 4.2 ulitoweka ghafula, kama taa iliyozimwa.

Zingatia walivyofanya watu hao. Kipimo chao kilikuwa kimepinda kuliko chako chochote. Kwanza walishuku kuwa nyaya zao zimegusana mahali fulani. Wakavikagua vyombo, wakarudia kipimo, na zebaki ikawajibu jibu lile lile. Ndipo walipokubali kuwa wamekutana na jambo jipya. Hali hiyo twaweza kuiita upitishaji kamili wa umeme. Mwaka 1913 Onnes alipewa Tuzo ya Nobel kwa kazi yake katika baridi kali, na leo mashine kubwa za sumaku ambazo madaktari huzitumia kutazamia ndani ya mwili wa mgonjwa zinategemea hali hiyo hiyo. Laiti mtu wa Leiden angalikuwa na kifutio chako na tabia yako, angaliirudisha alama ile mahali ilipotazamiwa kuwa, na heshima hiyo ingalikwenda kwa mwingine.

Baadaye ishara ya pili ilijulikana. Mwaka 1933 Walther Meissner na Robert Ochsenfeld wa Ujerumani waligundua kuwa kitu kilicho katika hali hiyo huzifukuza nguvu za sumaku zitoke ndani yake. Na mwaka 1957 Wamarekani watatu, John Bardeen, Leon Cooper na Robert Schrieffer, walieleza sababu: elektroni hushikana mbili mbili, na jozi zote zikaenda kwa hatua moja kama askari wa gwaride, hata vizuizi vya njiani visiweze kuzitawanya.

Sasa twende Hong Kong. Katika Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha mji huo, Zikang Tang, Ping Sheng na wenzao walifanya kazi na fuwele za jamii ya zeolaiti. Fuwele hizo ni mawe madogo yenye matundu, ila matundu yake si ya ovyo kama ya jiwe la matumbawe. Yamenyooka, yako sambamba, na yamepangwa kwa pembe sita kama sega la asali. Na kila tundu lina upana usiofika nanomita moja. Nanomita ni sehemu moja ya mita iliyogawanywa mara milioni elfu. Fuwele inapokua, chembe zenye kaboni hunaswa ndani ya matundu hayo. Wataalamu waliipasha moto pasipo hewa, vitu vingine vikaondoka, na kaboni iliyobaki ikajikunja ikawa mirija, kila mrija ndani ya tundu lake kama upanga ndani ya ala. Mwaka 2000 walitangaza kuwa wamepata mirija yenye upana wa nanomita 0.4 tu, miongoni mwa mirija myembamba kabisa ya kaboni iliyopata kujulikana. Ukiweza kuipanga laki moja ubavu kwa ubavu, haitauzidi upana wa unywele wako mmoja.

Wakajiuliza: je, mirija hii yaweza kupitisha umeme bila ukinzani? Hapa palikuwa na kikwazo kikubwa. Fikiria watu wanaovuka msitu usiku kwa safu moja, kila mmoja ameshika bega la aliye mbele yake. Mmoja akijikwaa, safu imekatika, na walio nyuma hawajui tena hatua ya walio mbele. Lakini watu hao wakienda kwa safu nyingi, na kila safu ikishikana mikono na safu ya jirani, kujikwaa kwa mmoja hakuwezi kulivunja kundi. Mrija mwembamba ni safu moja. Hesabu za fizikia zinaonyesha kuwa katika mstari mmoja mtupu mitetemo ya joto, hata ikiwa ndogo namna gani, huikatakata hatua ya pamoja ya elektroni, hivi kwamba upitishaji kamili hauwezi kusimama imara kutoka mwanzo wa mstari hadi mwisho. Tena wako wataalamu waliohesabu na kuona kuwa mirija myembamba kiasi hicho ingeweza kujipinda kidogo, elektroni zikafungiwa njia, na umeme usipite kabisa.

Mwezi wa Juni 2001 watu wa Hong Kong walitoa majibu yao katika jarida la Science. Walisema kuwa chini ya kelvini 20 mirija yao ilionyesha dalili za upitishaji kamili: ilizifukuza nguvu za sumaku, na iliwapa kelvini 15, yaani nyuzi 258 chini ya sifuri, kuwa ndilo joto la kukadiria mwanzo wa hali hiyo. Lakini grafu yao haikuwa kama ya zebaki. Haikuanguka ghafula. Ilishuka taratibu, kama mteremko wa kilima na si kama maporomoko ya maji.

Msomaji wangu, simama hapa kidogo ufikiri. Kila kitabu ulichosomeshwa kinachora upitishaji kamili kama mstari unaoanguka ghafula. Mpishi wa vipimo angaliitazama grafu hiyo ya mteremko akaona aibu. Angaliondoa alama hapa, akaongeza nyingine pale, hata mstari ukaanguka wima kama wa Onnes, kisha akajisifu kuwa amepata jibu la kitabu. Na kwa kufanya hivyo angaliufuta ushahidi wake ulio bora kuliko wote! Kwa maana mteremko ule ndio uliokuwa ukweli wenyewe. Safu moja ya watu gizani haipotezi hatua yake kwa ghafula, wala haiipati kwa ghafula. Hukatika na kuunganika, hukatika na kuunganika, kadiri joto linavyopungua. Tang na wenzake walipofanya hesabu ya mitetemo hiyo katika mstari mmoja, hesabu ikalingana na mteremko waliouona. Kilichoonekana kuwa upungufu wa kipimo kilikuwa ndiyo sahihi ya mrija mwembamba. Yeyote ambaye angaliunyoosha mstari ule angaliiharibu sahihi hiyo.

Nakuomba sasa ugeuze uso wako Marekani, mwaka ule ule wa 2001. Katika maabara mashuhuri ya Bell Labs, huko New Jersey, alikuwako kijana mtaalamu kutoka Ujerumani, jina lake Jan Hendrik Schön. Yeye naye alishughulika na kaboni, lakini si mirija. Alitumia vijitufe vya atomi 60 za kaboni. Katika jarida lile lile la Science alitangaza kuwa vijitufe hivyo vimepitisha umeme bila ukinzani katika kelvini 117. Linganisha: Hong Kong kelvini 15, Bell Labs kelvini 117. Grafu za Schön zilikuwa nzuri mno. Alitoa makala kwa wingi wa ajabu, akapewa tuzo, akasifiwa kuwa huenda siku moja akapata Nobel.

Ila palikuwa na neno moja. Wengine walipojaribu kurudia kazi yake, hawakufaulu. Kisha watu wenye macho makali waliona kuwa katika grafu mbili za vitu viwili tofauti, hata mitikisiko midogo ya kipimo, ile inayotokea kwa bahati tu na isiyoweza kujirudia, ilikuwa imefanana kabisa. Kamati iliyoongozwa na Malcolm Beasley wa Chuo Kikuu cha Stanford ikaundwa kuchunguza. Walipoomba kuziona kumbukumbu za vipimo, hapakuwa na daftari la maabara lililoandikwa sawasawa, na vipimo vya asili vilikuwa vimefutwa katika kompyuta. Mwezi wa Septemba 2002 kamati ilitoa hukumu: katika mashtaka 24 yaliyochunguzwa, 16 yalithibitika kuwa udanganyifu. Schön alifukuzwa kazi, na majarida yaliyatangua makala yake mengi, ile ya kelvini 117 ikiwamo.

Haya, tazama mizani. Namba kubwa imekwisha, haina mrithi. Namba ndogo iliendelea kuchunguzwa. Wataalamu wa Hong Kong walitengeneza fuwele bora kuliko za kwanza, na mwaka 2009 walitangaza kuwa walipopima kiasi cha joto linalochukuliwa na fuwele hizo waliiona tena dalili ya upitishaji kamili, katika kelvini 15 kwa kipande kilicho bora. Mwaka 2010 waliongeza vipimo vya ukinzani wenyewe, wakaeleza kuwa mirija jirani ndani ya fuwele yaweza kushirikiana, safu ikashika mkono wa safu, hata mstari mmoja ukapata msaada wa mistari mingi. Sikuambii kuwa shaka zote zimekwisha. Mirija hiyo ni migumu kutengenezwa, na katika elimu jambo halithibiti kwa mapenzi ya waliolitangaza. Wala sikuambii kuwa kesho itachukua umeme kutoka Olkaria; kelvini 15 ni baridi isiyopatikana kwa urahisi. Nasema hivi tu: vipimo vya kweli, hata vikiwa vidogo na vyenye shaka, mtu mwingine aweza kuanzia hapo akaendelea mbele. Kilichopikwa hakiendelezwi na mtu, ila humpotezea miaka yake. Wako watafiti vijana waliotumia miezi na miezi wakikimbiza namba za Schön ambazo hazikuwako.

Najua majibu yako, maana nami nilikuwa mwanafunzi. Utasema, "Bwana, mimi si Schön. Yeye alidanganya ulimwengu. Mimi nafuta alama moja ili nipate maksi." Nami nakujibu: Schön naye hakuanza siku moja kwa uwongo mkubwa. Samaki mkunje angali mbichi. Mkono uliozoea kufuta alama moja katika kidato cha pili hautapata adabu kwa sababu tu umepewa ofisi na koti jeupe. Siku moja mkono huo utapima saruji ya daraja, dawa ya mtoto au usafi wa maji ya kisima, na hapo alama iliyofutwa itakuwa na jina la mtu.

Utasema, "Kitabu kimekwisha kutoa jibu, yangu yafaa nini?" Kama kitabu kimekwisha kutoa jibu, basi hukutumwa maabara kulitafuta jibu hilo. Ulitumwa kujifunza kuona. Anayepika vipimo ametoka maabara akiwa na jibu ambalo alikuwa nalo kabla hajaingia, na macho ambayo hayajafunzwa lolote.

Utasema tena, "Kipimo kilichopinda ni kosa langu tu, si ugunduzi." Naam, mara nyingi ni kosa, sikatai. Lakini kosa nalo lina sababu, na sababu hiyo ni elimu. Nilipokuwa shuleni tulipewa kitufe cha chuma kilichoning'inizwa kwa uzi, tukaambiwa tupime muda wa kubembea kwake kila tunapourefusha uzi. Alama zangu mbili za mwisho zilikwenda kando, nami nikazipika. Rafiki yangu, tuliyekuwa naye meza moja, alikataa. Akaupima uzi upya, akakuta fundo la juu lilikuwa likiteleza, na uzi umerefuka bila sisi kujua. Mimi nilipata maksi siku ile. Yeye alipata akili ya kukagua fundo kabla ya kulaumu kitufe. Hata leo namwonea wivu.

Wala walimu siwaachi nje ya ugomvi huu. Mwalimu ampaye maksi zote mwenye mstari ulionyooka, na kumkemea aliyeandika alichokiona, anafundisha kupika hata kama ulimi wake unahubiri uaminifu. Heri aulize, "Alama hii imekwenda kando kwa nini?" kuliko kusema, "Rekebisha." Swali moja la namna hiyo laweza kumwokoa mwanafunzi na uwongo wa maisha yake yote.

Basi nifuate katika mambo machache. Andika vipimo vyako kwa wino, si kwa penseli. Ukikosea, piga mstari mmoja juu ya kosa ili bado lisomeke, wala usilizike. Kipimo kikipinda, kirudie. Kikipinda tena, kagua vyombo. Na vyombo vikiwa sawa, kiache mahali pake na uandike kando yake: hivi ndivyo nilivyoona. Maneno hayo machache yana heshima kuliko mstari wowote ulionyooka. Huenda ukapoteza maksi moja. Maksi hiyo ni bei ndogo kwa macho yasiyosema uwongo.

Kumbuka fuwele zile za Hong Kong. Ndani yake mna mirija isiyoonekana kwa jicho, na habari zake hazikutujia ila kwa grafu iliyoshuka taratibu na kwa watu walioiacha ilivyo. Kesho utaingia maabara. Vyombo vitakuwa mezani, karatasi itakuwa mbele yako, na kifutio kitakuwa karibu na mkono wako. Kiache kilale.